Wewe Mwenyewe Unasemaje

...mwenyewe, amesema wewe mwenyewe, wewe mwenyewe unasemaje, na mimi nimekwama hapo hapo kwenye neno hilo, kwa sababu mwavuli ukisahaulika kwenye benchi watu wanauliza mwenyewe yuko wapi, baiskeli ikiziba njia wanauliza mwenyewe nani, na mwenyewe anatokea, anasema samahani ni yangu, anaiondoa, lakini huyu mama mshauri ameniangalia mimi, ameweka kalamu chini, ameniuliza mimi mwenyewe, na mimi nimegeuza shingo kutazama mlango, jamani, kweli nimegeuka, utadhani mwenyewe amebaki nje kwenye korido pamoja na mama na mume wangu na mjomba, na sasa hivi atabisha hodi aingie ajibu... "Usiwe na haraka," anasema mshauri, "mimi leo nipo," na anakunja mikono juu ya meza, kola ya blauzi yake imeshonwa vibaya, upande wa kushoto umepanda, aliyeishona hakupunguza kitambaa kwenye pembe kabla ya kuigeuza, mimi kola ndiyo kazi yangu, kiwandani siku nzima kola tu, shati zima silijui, mikono inashonwa meza nyingine na vifungo meza nyingine, basi naishika kola ya mtu kwa macho ili nisishike nilichoulizwa, haya, shika ulichoulizwa: kaka yangu mafigo yake yote mawili yamekufa, mimi ninayo mawili mazima, vipimo vimekubaliana, na kazi ya mama huyu ni kukaa na mtoaji peke yake, mlango umefungwa, ndugu nje, amuulize kama anatoa kwa hiari yake, swali ni hilo tu, fupi kuliko jina langu la ubatizo, na jibu ni neno moja, mawili kama nitaongeza asante, kwa nini halitoki? Si nilikuja nalo? Asubuhi nimeoga nikiwa nalo, nimevaa nikiwa nalo, nimekaa kwenye benchi la nje nikiwa nalo mdomoni kama pipi, ndiyo, ndiyo, natoa, ni kaka yangu, halafu mtu ananiuliza na limeyeyuka... nimeweka mkono kiunoni, upande wa kulia, juu ya mshipi wa sketi, sijui hata kama ni hapo, miaka yote hii naishi nalo na halijawahi kuniambia lipo, moyo unajisema, tumbo linajisema, kichwa ndiyo usiseme, lakini figo, figo langu, figo yangu, hata sijui linasemwaje, mama anasema figo yake, daktari anasema figo lake, mjomba anasema figo yetu.

Yetu, ndiyo, nilimsikia kwa masikio yangu, na hata sasa yupo huko nje na simu, sauti ya mjomba haijui kunong'ona, inapita chini ya mlango kama maji ya kudeki, "...ndiyo, tumeshapata, tumeshapata, si huyu Kitinda wetu, ndiyo, leo anamalizia maongezi tu..." tumeshapata, anasema, na Kitinda ni mimi, mziwanda wa mama, sina jina lingine nyumbani, hata mume wangu alilikuta akalitumia, na mimi ndiye niliyepatikana, kama funguo zilizokuwa zimeangukia nyuma ya kabati. Walijua kabla yangu, hilo ndilo linanichoma, au siyo hilo, sijui kama ni hilo, daktari alimpigia mama kwa sababu simu yangu tunaiacha getini kiwandani, haturuhusiwi kuingia nayo, kwa hiyo mimi nilikuwa nageuza kola na mwili wangu ulikuwa umeshatangazwa, nikatoka jioni, getini mlinzi akanipapasa kama kawaida, mikono juu, mabega, mbavu, kiuno, mapaja, tunasalimiana huku ananipapasa, mtoto hajambo, hajambo, mvua itanyesha, itanyesha, anatafuta kama nimeiba uzi, na vidole vyake vilipita hapa hapa kiunoni juu ya kitu ambacho mjini huko watu walikuwa wanakifurahia, mimi sijui, yeye hajui, akasema pita. Nikafika nyumbani nikakuta viatu mlangoni kwangu kama kuna msiba au harusi, nikaogopa, nikaingia mbio na mkoba begani nikakuta wanacheka, mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga huku anacheka, mjomba amesimama katikati ya chumba changu na glasi yangu mkononi, anamwambia mume wangu, "Mkwe, sisi kama familia hatuna la kusema, umetuonyesha wewe ni mtu wa namna gani, wanaume wengine wangekataa," na mume wangu, mpaka rangi, mtu mpole, rangi nyeupe bado imemkauka kwenye nywele za mikono, ameinamisha kichwa kama anayepokea zawadi, anasema, "Mimi sina kipingamizi, mjomba, sina kipingamizi kabisa," nikauliza kipingamizi cha nini? Wote wakanigeukia kwa furaha, wakanieleza, wote kwa pamoja, mama akanikumbatia kwa nguvu hadi mkoba ukaanguka, na mimi nikafanya nini, nikaenda jikoni nikachemsha chai ya wageni. Chai! Nilisimama mbele ya jiko nikiangalia maji yanaanza kutoa vipovu, nikajiambia mbona sijasema kitu, nitasema nikirudi na chai, nikarudi na chai, wakaniambia asante, nikasema karibuni, ndilo neno pekee nililosema jioni ile kuhusu mwili wangu, karibuni.

"Unataka maji?" anauliza mshauri, natikisa kichwa, sitaki maji, nikisikia neno maji namwona kaka na kikombe chake kidogo cha bati, maji yake ya siku nzima yamo humo, anayanusa kwanza, kisha analowesha midomo, kisha anaweka chini na kukigeuzia mgongo ili asikione, yeye ambaye alikuwa akitoka kutengeneza friji za watu anakunywa jagi zima amesimama, shingo inapanda na kushuka, mimi namhesabia mafunda kwa kucheka, sasa anamung'unya kipande cha barafu kama mtoto anayeota meno, na miguu yake, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, shimo linakaa, unaliangalia linavyokaa, na akirudi kutoka kwenye mashine ya kusafishia damu analala kama nguo iliyokamuliwa, mkewe anamfunika, watoto wanaambiwa msipige kelele... sasa wewe una mawili, unaulizwa swali, na unatazama kola ya mtu! Nifanye nini zaidi ya kutoa, ni kaka yangu, alinibeba mgongoni nilipochomwa na msumari, alinifundisha baiskeli, alikimbia nyuma yangu ameshika kiti na akaachia bila kuniambia, nikafika mwisho wa barabara peke yangu nikipiga kelele usiachie, usiachie, kumbe ameachia zamani, anacheka kule nyuma. Huyo ndiye kaka. Na mwingine pia ndiye kaka, yule aliyenishika miguu. Mbona limekuja hili, sikuliita... nilikuwa na nywele ndefu zikifika mabegani, nilikuwa nimeanza tu shule, baba akasema shule hawataki nywele, zinaleta chawa, akaleta mkasi, mimi nikakimbilia chini ya meza, nikavutwa, baba akaniweka kati ya magoti yake, akamwambia kaka mshike miguu, na kaka akanishika, mikono yake ilikuwa na jasho, nikapiga kelele nywele zangu, nywele zangu, baba akasimamisha mkasi, akauliza taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua, "Zako? Ulizinunua wapi?" na watu wote wakacheka, mama mlangoni alicheka, jirani aliyekuja kuazima pasi alicheka, hata mimi nilinyamaza nikafikiri, kweli, nilizinunua wapi? Sikuwa na jibu. Nilitafuta kichwani, nywele sikuzinunua, meno sikuyanunua, vidole nilipewa, jina nilipewa, hata hiyo sauti ya kupigia kelele sikuinunua, basi nikatulia, nikanyolewa, na kaka akaniambia baadaye huku ananifagia shingoni, "Ungenyamaza mapema ingeisha upesi," akiwa na maana nzuri, ndiyo, kaka huwa ana maana nzuri.

Na sasa hivi ningekuwa na jibu? Mtu akiniuliza figo ulilinunua wapi? Mama angesema limetoka tumboni kwangu, na ni kweli, lilitengenezwa humo humo lilimotengenezwa la kaka, mume wangu naye angesema nani atakuosha mgongo ukirudi na mshono, nani atakuinua kitandani, nani atabeba ndoo, na ni kweli pia, ni yeye, nilipomwambia usiku ule wamekushukuru wewe, aliniangalia kwa mshangao wa kweli, akaniuliza, "Sasa wangemshukuru nani?" nikasema mimi, akasema, "Lakini wewe ni dadake," akageuka akalala, hakuwa na ubaya, alilala kama mtu aliyetenda jema, na mimi nikabaki nalikodolea macho giza nikiyasikiliza hayo maneno, dadake, mkewe, mwanangu, mjomba akiniita mpwa wangu, kila jina langu lina mtu mwingine mkiani, ukilikata mkia halisimami, dada wa nani, mke wa nani... na mama mkwe naye alikuja kesho yake na swali lake, atazaa tena? Hakuniuliza mimi, alimuuliza mwanawe, mimi nipo nachambua mboga, "Akitoa hicho kitu atazaa tena?" mume wangu akasema madaktari wanasema ndiyo, akasema haya. Haya! Hata mwanangu ameuliza, huyo pekee aliniuliza mimi, alisimama mbele yangu amevua kiatu kimoja, akauliza, "Mama, ukilitoa litaota tena?" nikamwambia halioti tena, akafikiri, akasema, "Sasa kwa nini hawachukui la mtu mwenye matatu?" nikacheka mpaka nikakaa chini, nikacheka kicheko kibaya, akaogopa, akavaa kiatu. Na yeye je, yeye si alikaa humu humu ndani, alinipiga mateke kwenye mbavu, akala nilichokula, akanyonya mpaka nikawa kama mfuko mtupu, hakuniomba, wala sikumwona mwizi, sikuona hata siku moja kwamba ananichukulia kitu, ningempa na jicho, kwa nini sasa nahesabu, kwa nini kwa kaka nimekuwa bahili, huo si ubahili? Sijui. Mtoto hakuniomba lakini pia hakuna aliyetangulia kusema ndiyo kwa niaba yangu, nilikuwa peke yangu na yeye, nikimpa ni mimi niliyempa... au najidanganya, au natafuta tu njia ya kuogopa kisu kwa maneno makubwa, maana naogopa pia, tusifichane, naogopa ile dawa ya usingizi, naogopa kulala mimi na kuamka pungufu, naogopa mstari utakaobaki hapa ubavuni ambao mlinzi wa getini ataupapasa kila jioni bila kuujua.

"Kuna jambo lazima nikuambie," mshauri anasema, amesogeza kiti, miguu ya kiti imelia sakafuni, "huwa namwambia kila mtu anayekaa hapo, usifikiri nimekuona una wasiwasi. Ukisema hapana, hatutawaambia ndugu zako kwamba umekataa. Tutawaambia vipimo vya mwisho havikukubali. Basi. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayekulaumu." Nasema, "Mtawadanganya?" anasema, "Tutakulinda," nasema, "Ahaa," na kitu kimefunguka kifuani, jamani ni raha, nisiseme uongo, ni raha tupu, mlango upo, kumbe mlango ulikuwepo, natoka hapa, namwambia mama vipimo, namwambia mjomba vipimo, wote wanasema basi mapenzi ya Mungu, mama analia, mimi nalia naye, machozi ya kweli hata, na kaka... kaka atatoka kule kwenye mashine na miguu yake ile, atakuja anishike bega, atasema siyo kosa lako, Kitinda, usilie, siyo kosa lako. Atanibembeleza. Yeye anibembeleze mimi! Na mimi nitamwacha aendelee kunibembeleza, kila nikienda kumtazama, akiwa na kikombe chake cha bati, ataniambia wewe ulikuwa tayari, mdogo wangu, mwili ndio ulikataa, na mimi nitasema ndiyo, mwili ndio ulikataa, mimi nilikuwa tayari... ngoja. Ngoja kidogo. Kwa hiyo nikisema hapana, atakayekuwa amekataa ni maabara, na nikisema ndiyo, wanasema walishakubali siku nyingi, mama alikubali, mume wangu hana kipingamizi, mjomba ameshapiga simu kwa ukoo mzima, mimi nitakuwa nimeitikia tu mwishoni kama watu wanavyosema amina, basi mimi nasema wapi? Hapana siyo yangu, ndiyo siyo yangu, nimekaa katikati kwenye kiti cha plastiki, na bado naulizwa mimi mwenyewe. Ninataka kumpa. Nadhani nataka. Nikimwona anamung'unya barafu, moyoni nataka kulitoa leo hii, na papo hapo nikimsikia mjomba anasema tumeshapata nataka kulikumbatia na kukimbia nalo barabarani, yote mawili ni mimi, ni figo lile lile, unampaje mtu kitu ambacho wameshakiweka mfukoni mwake, utakuwa umempa au utakuwa umekaa kimya tu? Nimekaa kimya mara nyingi. Kimya nakijua. Kiwandani msimamizi akiuliza nani hataki kubaki jioni tunakaa kimya na anasema vizuri, wote wamekubali.

Na kaka mwenyewe hakusema kitu, hilo ndilo nimelizunguka tangu nikae hapa, sitaki kulikanyaga. Wote wamesema, mama, mume, mkwe, mjomba, hata mke wa kaka alinipigia akashindwa kuongea akakata, kaka peke yake hakusema kitu. Nimemtembelea tangu siku ile ya chai, tena si mara moja, nikakaa pembeni ya kitanda nikangoja, nikasema moyoni sasa atasema, sasa anameza mate ili aseme, na anaongea friji, anaongea gesi iliyovuja, mteja aliyeweka viatu kwenye jokofu kuua mdudu, tunacheka, nangoja, anauliza mtoto anaendeleaje na hesabu, nangoja, nanyanyuka kuaga, nasimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, ananiambia fika salama. Ni nini hicho? Ni kwamba ni dhahiri mno hakuna haja ya kuomba, kama vile mtu haombi chumvi nyumbani kwake, anainuka anachukua? Nimemkasirikia kwa hilo, nimemkasirikia mgonjwa, nimeshona kola kwa hasira mpaka sindano imekatika, nikijiuliza kama aliyekushika miguu ukiwa mdogo anaona bado ameishika...

"...nenda basi ukagonge," ni sauti ya mama, nje, karibu kabisa na mlango, "mwambie aharakishe, wewe ukimwambia atakusikia," na sauti nyingine, ya chini, ya mtu anayepumua kwanza ndipo aongee, ni kaka, sikujua ameshatoka kwenye mashine, "Mama, mwacheni. Mimi sijamwomba." Mshauri ananiangalia, naye amesikia, kidole chake kimesimama juu ya meza. "Sasa kwani lazima umwombe? Si dada yako?" mama anasema, na kaka anasema, "Ndiyo maana sijamwomba. Nikimwomba hawezi kukataa. Atashindwa. Sasa nimwombe ili iwe nini?" hata mjomba amekata simu, kisha mama anasema kitu ambacho sikisikii, na benchi linalia, mtu amekaa. Kumbe. Kumbe alikuwa ananiachia nafasi, siku zote zile za gesi na viatu vya kwenye jokofu, alikuwa anajiziba mdomo, mtu mwenye kiu, anakigeuzia mgongo na hiki pia ili asikione, na mimi namnunia, mimi namwita moyoni mwizi, ee Mungu wangu, sema ndiyo sasa hivi, wewe mwanamke, fungua mdomo useme ndiyo umalize... lakini halitoki, bado halitoki, mbona bado? Kwa sababu amesema atashindwa. Kitinda atashindwa kukataa. Na yeye pia. Kwa huruma, kwa upendo wote, lakini na yeye amekaa kule akanipima, akaniona siwezi, akaamua kwa niaba yangu nisiulizwe, baba aliniuliza swali akijua sina jibu, huyu hakuniuliza akidhani jibu ninalo moja tu, na walio nje wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba mimi naweza kuwekwa mbele ya swali nikasimama. Na je, ninaweza? Sijui! Ndiyo hicho, sijui, hakuna aliyewahi kujaribu, labda kweli nitashindwa, labda akiniangalia na yale macho yaliyovimba nitasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi na haitakuwa hiari bali kuanguka tu, labda nitasema hapana kwa kujionyesha kwamba naweza, na hiyo itakuwa upumbavu utakaomuua mtu, siwezi kujua nikiwa humu na mama wa watu mwenye kola mbovu, huyu ni mwema lakini si yeye anayehitaji figo, swali lake ni la kazi, ataniuliza mimi leo, kesho mwingine. Swali lina mwenyewe wake. Liko nje, limekaa kwenye benchi, linapumua kwa shida.

"Naomba umwite kaka," nasema, na sauti yangu ni kubwa kuliko nilivyopanga, mshauri anasema, "Utaratibu wetu ni mtoaji akae peke yake," nasema, "Najua, lakini mwite, yeye tu, wengine wabaki," ananitazama usoni muda, anatafuta kitu, sijui kama amekipata, ananyanyuka, anafungua mlango, mwanga wa korido unaingia na harufu ya dawa ya sakafu, mama ameshainuka, "Kuna nini? Vipi, kuna tatizo?" mume wangu ameinuka nyuma yake na koti langu mikononi, amelishika koti langu muda wote huu, masikini, na mshauri anasema, "Namhitaji kaka yake peke yake, mama, kaa kidogo," na mama anasema, "Lakini mimi ndiye mama yao," na kaka anapita, anashika ukuta, anashika fremu ya mlango, anaingia, kandambili zake za plastiki zinaburuta kwa sababu viatu havimwingii tena, anakaa kiti cha pembeni yangu na mlango unafungwa. Hatujawahi kukaa hivi, wawili tumeielekea meza moja. Anaangalia bomba la kunawia mikono, linadondosha tone tone, kisha anaondoa macho. "Wamekuambiaje?" ananiuliza, anadhani ni habari mbaya, naona anajiandaa, anakaza taya, "Kama vipimo vimekataa, sikiliza, siyo kosa..." nasema, "Vipimo havijakataa." Nasema, "Nimekusikia hapo nje. Umesema nitashindwa." Anafumba macho, anasema, "Kitinda, sikutaka..." nasema, "Niombe." "Nini?" "Niombe, kaka. Hujaniomba. Mama ameniomba kwa kulia, mjomba ameomba kwa watu wasionihusu, mume wangu ameombwa yeye. Wewe niombe mimi, hapa, nikusikie," na kaka anatazama mikono yake, ile mikono ya kufungulia skrubu ndogo kabisa, sasa imevimba, anasema, "Na ukikataa?" nasema, "Nikikataa nitakataa mimi. Sitamsingizia daktari. Nitakuangalia machoni nikuambie." Anacheka kidogo, au ni pumzi tu, anasema, "Naogopa," nasema, "Hata mimi," anasema, "Ukikataa nitaogopa sana, sitakuficha. Nitakasirika pia, labda. Nitajaribu nisikasirike, lakini siahidi," na hilo, sijui kwa nini, hilo la kukasirika ndilo limenifanya nipumue, kwa sababu hunikasirikii kama unajua siwezi, unanikasirikia kwa kuwa niliweza na sikufanya, na mshauri nyuma ya meza ameacha kutazama, ameangalia dirishani kwa adabu, nje shuka za wodi zinapeperuka kwenye kamba, na kaka anajigeuza kwenye kiti, kwa shida, kwanza magoti kisha mabega, mpaka amenielekea mzima, hakuna meza kati yetu wala kitanda wala friji ya mtu, analamba midomo yake mikavu, anasema, "Mdogo wangu, naomba unipe figo lako moja," amesema lako, amesema polepole kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kudekiwa, hanishiki mkono, mikono yake ameiweka mapajani pake na ananingoja, na mimi natafuta ile ndiyo ya asubuhi, haipo, natafuta hapana, nayo haipo, kuna mahali patupu tu pakubwa pana mwanga, na nimesimama hapo katikati na miguu haitetemeki, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai sijui nitajibu nini, na mama pale nje hajui, mume wangu hajui, mjomba kwa mara ya kwanza hana la kusema kwenye simu, kaka anayehitaji kuliko wote hajui, wote wananingoja mimi, na mimi navuta pumzi.